Nilichangamka kazini, nikapewa barua ya onyo

Mhariri, salaam.

Kila mkutano wa kazini wimbo ni ule ule, vijana hamjitumi, mwangoja mpaka muambiwe, changamkeni. Haya, mi nilichangamka, sikizeni yaliyonipata.

Mi ni karani kwenye bohari moja la majani chai huku Shimanzi. Mnada wa chai uko hapa Mombasa tangu 1969 ulipohamishwa kutoka Nairobi, na chai yenyewe si ya Kenya pekee, yatoka Uganda, Rwanda mpaka Malawi, sasa kabla haijapanda meli inalala kwa mabohari kama letu. Na chai bwana ni kama mtoto mchanga, haitaki unyevu wala harufu, iweke karibu na sabuni uone kama haitanuka sabuni.

Mwezi wa tano, Jumamosi jioni, mvua ya masika ikashuka ile ya kuziba macho. Mfereji wa paa ukafurika, maji yakateremka ukutani mpaka sakafuni, hatua mbili tu kutoka kwa paleti za mwisho, yale majukwaa ya mbao tunayopangia mifuko ya chai. Nampigia supavaiza, mteja hapatikani. Nampigia meneja, mteja hapatikani. Simu ya sita maji yashagusa mbao za paleti. Nikamrudisha dereva wa foklifti ashavua buti aende zake, nikatoa elfu moja mia tano kwa pesa ya ofisi nikawapa vibarua wanne waliokuwa wamejibanza getini, tukahamisha paleti 22, na mfuko uliolowa ni mmoja tu, tena pembeni.

Jumatatu naitwa, nikajua leo napewa mkono. Kumbe! Nani kakuruhusu kugusa pesa? Nani kaidhinisha ovataimu ya dereva? Barua ya onyo hiyo, tia sahihi.

Sikatai, pesa ina wenyewe, na kosa langu nalijua, sikupiga picha yale maji wala sikuandika saa nilizopiga simu. Wenzangu, picha kwanza ndo mbebe paleti. Mtu akiwa hatarini angalau sheria yamsikiza, ile ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema ukiripoti hatari kubwa usilazimishwe kurudi pale mpaka irekebishwe. Lakini mali ya tajiri ikiwa hatarini, hapo ni wewe na roho yako.

Mabosi, semina za hotelini Nyali hazitasaidia. Bandikeni karatasi mlangoni, simu zisiposhikwa karani wa zamu aruhusiwe kutumia kiasi fulani, aandike kila shilingi, Jumatatu mkague hesabu yake. Karatasi moja tu. Dereva wa foklifti kashaniambia siku nyingine nisimuite, na simlaumu, ovataimu yake hajalipwa mpaka leo.

Vuli yaja, na ule mfereji wa paa nimeuchungulia jana, bado umejaa takataka.

Karani wa chai,
Mombasa