Barua kwa mwanangu: albamu hiyo iwe mali yenu

Busia, Uganda

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Sote tu wazima, na nyanya yako anauliza kila mara kama bado unapiga dramu kwa nguvu zile zile. Namjibu ndiyo. Ule mkataba wa bendi yenu kurekodi albamu, ulionitumia picha yake, nimeusoma mstari kwa mstari, kisha nikamsomea baba yako. Msiutie sahihi.

Mwenye studio anasema atawarekodi bure. Lakini rekodi zote zitakuwa mali yake, na yeye ndiye atakayeamua nyimbo zipi zitoke na zipi zilainishwe ili redio zizipokee. Mimi ni muuza mitumba. Mtu akinipa robota bure kwa sharti kwamba kibanda kiandikwe jina lake na mauzo yawe yake, hajanisaidia, amejipatia mfanyakazi.

Zile bendi za panki, muziki wenu huu wa gitaa kali na mwendo wa kasi, ulizoniwekea kwenye simu ninazisikiliza, na hadithi zao nimezitafuta kwa msaada wa kaka yako. Ninawapenda vijana wa Buzzcocks, bendi ya Manchester, Uingereza. Hawakungoja kampuni. Walikopa pauni 500, na baba yake Pete Shelley alikuwa mmoja wa waliowakopesha. Desemba 1976 waliingia studio, wakarekodi nyimbo nne kwa siku moja, na mwezi uliofuata wakatoa santuri chini ya lebo yao wenyewe, yaani kampuni ndogo ya kutoa muziki. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000, wala hawakujua kama zitaisha. Ziliisha, wakachapisha nyingine tena na tena. Kwenye kava waliandika kila wimbo ulipigwa mara ya ngapi hadi ukakubalika, ili msikilizaji aone kwamba kazi ile si uchawi, hata yeye anaiweza. Hilo nimelipenda mno. Nanyi andikeni vivyo hivyo.

Ila walionikosesha usingizi ni wale ndugu watatu weusi wa Detroit, Marekani, David, Bobby na Dannis Hackney, waliojiita Death. Mwaka 1975, kabla watu hawajauzoea muziki wa namna hiyo, walirekodi nyimbo saba. Clive Davis, mkubwa mmoja wa kampuni za rekodi, alikuwa tayari kuwaunga mkono ila jina hilo walibadilishe. David akakataa. Mwaka uliofuata walitoa santuri kwa nguvu zao wenyewe, nakala 500, redio zikaipuuza, na bendi ikafa. Miaka ikapita. David alimkabidhi Bobby zile kanda azitunze, akiamini kwamba ipo siku dunia itakuja kuzitafuta. Aliaga dunia mwaka 2000 kwa saratani ya mapafu. Nyimbo zile saba zilitoka kama albamu mwaka 2009, na wana wa Bobby, ambao walikuwa hawajui kabisa kwamba baba yao aliwahi kupiga muziki huo, waliunda bendi yao ili kuupiga jukwaani.

Nimeipima hadithi hiyo kama mama. Ningetaka David aishi aone watu wakiziimba nyimbo zake, na siwezi kukuambia kwamba kukataa hakuna gharama. Lakini kanda zilikuwa mikononi mwao. Zingekuwa kwenye stoo ya mtu mwingine, nani angezikumbuka baada ya miaka thelathini na zaidi?

Majirani hapa wananiambia binti yangu ameiga kelele za wazungu. Hao Death ni weusi. Bad Brains wa Washington, waliotoa albamu yao ya kwanza kwa kaseti mwaka 1982, ni weusi wote wanne, tena Marasta. Na Johannesburg, wakati ubaguzi umeshika nchi, National Wake waliwaweka weusi na weupe kwenye bendi moja na kutoa albamu mwaka 1981. Hata hapa kwetu, Duma wa Nairobi walikuja Kampala kurekodi albamu yao ya kwanza, na lebo ya huko, Nyege Nyege Tapes, ikaitoa mwaka 2020. Ukali wao unazidi hata wenu! Kwa hiyo usiniambie tena kwamba Uganda hakuna wa kuwasikiliza.

Sasa kazi yenyewe. Tafuteni studio ya kulipia kwa siku, mkubaliane kwa maandishi kwamba mafaili yote mnaondoka nayo, na nakala moja iletwe nyumbani niihifadhi. Uliza kama wana jenereta, maana umeme ukikatika katikati ya wimbo hamtarudishiwa saa zenu. Fanyeni mazoezi hadi wimbo utoke bila kutazamana, ndipo mwende. Ramones, bendi ya panki ya New York, walimaliza albamu yao ya kwanza kwa takriban wiki moja mwaka 1976, nyimbo 14, jumla haifiki dakika 30, kwa kiasi cha dola 6,400, kwa sababu walifika wakiwa tayari. Pigeni pamoja chumba kimoja. Nimesikia zile mlizorekodi kila mtu peke yake, na dramu zako zimekuwa safi lakini zimepoa. Mkiwa pamoja unamsukuma mpiga besi, naye anakusukuma, na hilo ndilo linalonifanya nisimame nikiwasikiliza.

Kava mchapishe Nasser Road, ile barabara ya wachapishaji Kampala, mlinganishe bei za maduka kadhaa kabla ya kulipa. Nyimbo mzisajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili, kwa majina yenu wote wanne, maana tuna sheria ya hakimiliki, na kugawana mgawane kwa maandishi mkingali marafiki.

Nimekutumia shilingi 1,800,000 kwenye simu. Nyingine ni zangu, nyingine chama chetu cha sokoni kimenikopesha, nami nimewaeleza akina mama ni za nini. Mtarudisha kidogo kidogo mkishauza, bila riba. Wimbo wa mpakani, ule wa wapiga magendo na askari, msiuache nje hata mtu akiwaambia ni mkali. Mimi nimeishi hapa, najua kila neno lake ni kweli.

Niandikie bei ya studio utakayoipata. Wasalimie wenzako watatu, na yule mpiga gitaa aliyekuwa anakohoa aende kupimwa kabla hamjaanza.

Mimi mama yako