YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUFICHWA JINA LANGU NA KUDHALILISHWA MBELE YA WAGENI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Taratibu zenu za kupokea kazi za mafundi mnazijua wenyewe. Ninaloandikia ni lililonikuta siku ya ufunguzi wa maonyesho. Mkeka wangu wa ukindu mmeutundika ukutani, taa inaumulika, na chini yake kibao: "Mkeka, Pwani. Fundi hajulikani." Pembeni yake kuna kiti, na kibao cha kiti kina jina kamili la aliyekibuni na chuo alichosoma. Nikashika pindo la mkeka nimwonyeshe afisa wenu nilipoanzia ukili, ule utepe wa ukindu uliosukwa. Akanifokea mbele za watu: "Mama, usiguse! Hiyo ni kazi ya sanaa."

Mkeka wangu mwenyewe.

Ukindu ule niliuchuma, nikauanika, nikauchana, nikauchemsha na rangi, nikasuka ukili mpaka macho yakauma, ndipo nikaushona. Pindueni kona ya chini kushoto muone mshono uliorudiwa kwa ukindu mwekundu. Ni alama yangu. Tena siku mnaupokea nilijaza fomu yenu, nikatia jina na saini, na nusu ya malipo hadi leo naambiwa mhasibu yuko kikaoni. Sasa asiyejulikana ni nani?

Narudia, kwa sababu usiku silali. Nimeshika pindo nililolishona kwa mikono yangu, naambiwa usiguse. Nikamjibu kwa upole, "Mwanangu, huu nimeusuka mimi." Akanitazama kuanzia kandambili hadi mtandio, akasema, "Mikeka yote inafanana, mama," akamwita mlinzi, nikatolewa kwa mlango wa nyuma, kule wanakopitisha viti. Wageni wanatazama. Mjukuu wangu kanishika mkono, anauliza bibi kaiba nini.

Naomba kibao kibadilishwe, jina langu liandikwe kwa herufi za ukubwa uleule mliompa mwenye kiti. Nilipwe changu. Na afisa yule aniombe radhi, tena si ofisini mlango umefungwa, bali palepale chini ya mkeka, watu wakiwepo. Nilipoanza barua hii nilitaka jina tu, lakini naona halitoshi. Vile vyungu navyo mmeviandika "hajulikani", na mfinyanzi wake yu hai, anauza sokoni kila wiki. Naye atajwe, na wenzetu wote.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hailindi vitabu na nyimbo peke yake, hata kazi za mikono zimo, na kutajwa jina ni haki ya mwenye kazi. Nisipopata majibu ya maandishi kabla ya mwisho wa mwezi, nakuja kuuteremsha mkeka wangu, kisha nakwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kutoka hapo kwa waandishi wa habari. Nakala ya fomu yenu yenye saini yangu nimeiambatanisha.

Wenu,
Msusi wa mikeka, Bagamoyo