Barua kwa mwanangu: msiligawe daftari la babu

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kazini, nikaurudia kwenye basi. Nimeelewa. Siku ya kuondoa matanga shangazi yako ametoa wazo kwamba ile kaunta buku ya nyimbo ya babu igawanywe, kila mjukuu apate karatasi yake, aitie fremu, aitundike sebuleni. Wengi wamekubali, kwa kuwa ni wazo la upendo na halina gharama, na eti mbona karatasi moja ilishachanwa zamani na hakuna aliyelalamika. Wewe ndiye unayelishika daftari, unaniuliza nasemaje. Nilichelewa kukujibu kwa sababu kuna kitu nilitaka nikakitazame kwanza.

Unajua kazi yangu hapa Ohio ni kurudisha vitabu kwenye rafu za maktaba ya chuo. Ghorofa ya juu kuna chumba cha vitabu adimu, na humo mna sanduku lenye karatasi 50, karibu kila moja imetolewa kwenye kitabu chake cha kale. Nilimwomba mtunzaji anipe karatasi namba 15. Akaniambia nikanawe mikono na kuikausha vizuri, basi, glavu hazihitajiki.

Ni karatasi ya misale, kitabu cha sala za misa. Naiita karatasi kwa mazoea tu, ila ni ngozi: imelowekwa kwenye maji ya chokaa, ikawambwa kama ya ngoma, ikaparuliwa hadi ikawa nyembamba. Upande mmoja ni mweupe, upande wa pili una umanjano na vitobo vidogo vidogo palipoota manyoya ya mnyama. Maandishi ni ya Kilatini, safu mbili. Panapoanza sala kuna herufi kubwa ya dhahabu juu ya bluu na waridi, na kutoka kwenye herufi hiyo unatambaa mmea mwembamba, unashuka pembeni, unakunja kona, unaishia na vijani vya dhahabu. Nilipoinamisha kichwa dhahabu iliwaka. Nilipokiinua ikazimika. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mzima aliye kazini.

Mafundi wa zamani walitanguliza dhahabu, rangi zikafuata. Fundi alipaka plasta laini yenye gundi, akaiacha ikauke, kisha akaihemea kwa karibu ili unyevu wa pumzi uifanye inate tena, halafu akailaza dhahabu nyembamba sana juu yake na kuisugua kwa jiwe laini au hata jino la mbwa. Yaani iliyoishika dhahabu ile ni pumzi ya mtu.

Lakini kilichonigusa zaidi ni wino mwekundu. Maneno ya kusomwa ni meusi, maelekezo ni mekundu, sawasawa na misale yetu ya leo. Nikakumbuka babu yako alivyokuwa akisimulia kuhusu msomaji mgeni pale kigangoni aliyesoma na mekundu pia, kwa sauti ya kutangaza, "Hapa wote hupiga magoti," na kanisa zima likapiga magoti. Na babu mwenyewe alikuwa na peni yake nyekundu. Angalia daftari: noti za do-re-mi kwa bluu, na pembeni kwa nyekundu "polepole", "rudieni", "besi msipige kelele".

Sasa nikuambie karatasi hii ilivyofika Ohio. Kitabu kiliandikwa kaskazini mwa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 13. Kanoni mmoja, yaani padre wa kanisa kuu, Robert de Hangest, aliyefariki mwaka 1356, alikiacha kwa kanisa kuu la Beauvais, huko huko Ufaransa. Baadaye kilipita mikono mingi, na mwaka 1926 kilinunuliwa kwenye mnada London kwa niaba ya William Randolph Hearst, tajiri wa magazeti wa Marekani. Mpaka hapo kilikuwa kizima, karatasi 309. Mwaka 1942 Hearst akakiuza, kikaangukia kwa Philip Duschnes, mfanyabiashara wa vitabu wa New York, naye akakikatakata. Karatasi nyingine zikaenda kwa mwenzake wa Cleveland, Otto Ege, mwalimu wa sanaa.

Huyu Ege ndiye aliyenifanya nikumbuke shangazi yako. Mwaka 1938 alishaandika makala akikiri wazi kwamba yeye ni mvunja vitabu, na akajitetea: kitabu kizima atakipata tajiri mmoja, karatasi mojamoja zitawafikia wengi. Masanduku kama hili letu yalitengenezwa 40. Na siwezi kumtukana sana, mwanangu. Bila kisu cha watu wale, mimi mtu wa Songea nisingeshika misale ya Beauvais kwa mikono yangu. Duschnes simtetei, yule alikuwa anauza. Lakini Ege, ingawa naye aliuza, alipenda, na kwa kupenda kwake akagawa.

Ila nilipofika chini ya safu ya pili, sala ilikatika. Padre anamwita Mungu, anaanza kutaja anachoomba, ngozi inaisha. Ombi lenyewe liko nyumba nyingine, labda mji mwingine. Kwa miaka sasa msomi mmoja, Lisa Fagin Davis, anazitafuta karatasi hizo na kupanga picha zake kwenye kompyuta. Anaweza kuzipanga kwa sababu misale hufuata mwaka wa Kanisa: ukijua sala ni ya sikukuu gani, unajua inakaa wapi. Ameshapata zaidi ya 100. Mwaka 2022 moja ilionekana kule Maine, kwenye mauzo ya vyombo vya nyumbani, kijana akainunua kwa dola 75.

Daftari la babu halina hata kalenda ya kumsaidia mtu. Unajua alivyokuwa mbahili wa karatasi. Wimbo wa Noeli unaanzia nyuma ya karatasi moja, kiitikio kiko mbele ya inayofuata, na nyuma ya kiitikio ameshaanza wa Kwaresima. Mkigawa, mtoto wa baba yako mdogo atapata nusu ya Noeli na nusu ya Kwaresima, na hataweza kuimba yoyote.

Kwa hiyo fanya hivi. Kaa karibu na dirisha asubuhi, piga picha kila ukurasa kwa mpangilio, hata ile mitupu, na usiruke majalada. Mwenye kutaka fremu apelekewe picha ikachapwe kwa rangi. Daftari lenyewe lifungwe kwa kitambaa safi, likae juu mbali na mchwa, na kigango wakilihitaji waje kunakili hapo hapo. Shangazi yako usimjibu kwenye kundi la ukoo. Nenda kwake, na ukamwambie ni mimi niliyesema.

Na umwambie na hili pia, maana limekaa sana. Karatasi iliyochanwa ninayo mimi. Niliitoa usiku wa kuamkia safari, babu amelala, nikaiweka ndani ya Biblia, nikasema nitakuwa na mwandiko wake popote niendapo. Ni wimbo wa Ekaristi, lakini unaanzia ubeti wa tatu, na miaka yote hii ubeti wa kwanza haunijii. Kuna mtu anasafiri Desemba, nitampa akuletee. Ukifika penye pengo kwenye daftari, ukurasa unaotangulia nipigie picha kabla ya zote.

Baba yako