Wanangu mnaopanda Masaba, acheni kumcheka aliyerudi

Wanangu wa Mbale, wa Jinja, na nyinyi mnaotoka Kampala mkipata siku mbili tatu za likizo mnakuja huku kwetu kupanda Masaba, hiyo mnayoiita Elgoni, habari zenu. Mimi nimebeba mizigo ya watu kwa huo mlima miaka mingi mpaka magoti yakakataa, kwa hiyo nikiwaambia neno lichukueni kama la baba. Zamani tulikuwa tunapandisha wageni tu, siku hizi naona watoto wetu wenyewe wanapanda na nafurahi kabisa.

Lakini juzi mmeniumiza roho. Kuna dada alikuja na nyinyi, mara yake ya kwanza, amevaa gambuti za kuazima na begi la shule la mtoto wake. Mnajua vile siku ya kwanza ya njia ya Sasa ilivyo, Budadiri ni kama mita 1250, kambi ya Sasa ni kama 2900, yaani unapanda zaidi ya mita 1600 kwa siku moja tu na pale katikati kuna jabali la Mudangi la kupanda kwa ngazi, utelezi, jasho, mikono inatetemeka. Dada alifika kambi giza limeshaingia, lakini alifika. Kesho yake akasukuma mpaka pango la Mude, kichwa kikaanza kumgonga, akatapika, akasema narudi. Na alifanya vizuri sana! Ugonjwa wa mwinuko hauchagui mwenye misuli, hata mkimbiaji unamshika, na ukikushika vibaya dawa ni kushuka.

Sasa nyinyi mliposhuka, pale kwa chai, mkaanza. Eti kama huwezi kaa nyumbani, eti gambuti za shamba zinatafuta nini mlimani. Na mmoja wenu anaonyesha picha yake ya Wagagai, kilele cha juu kabisa cha Masaba, mita 4321, na viatu vyake na saa yake inayopima mapigo ya moyo. Kijana wangu, mpwa wangu ndiye alikubebea begi, hema, mpaka maji ya kunywa. Sikatai ulifika, na kulipa mpagazi si vibaya, hiyo ndiyo kazi iliyosomesha watoto wangu. Ila yule dada begi lake alilibeba mwenyewe, kupanda na kushuka.

Kwanza hii habari ya nani anastahili mlima mmeitoa wapi? Mama zetu walikuwa wanapanda msitu huohuo kutafuta malewa, yale machipukizi ya mianzi tunayokula, mtoto mgongoni, mzigo kichwani, na hakuna aliyewauliza mmevaa viatu gani. Angalieni na milima ya Rwenzori kule magharibi. Mwaka 1906 Duke wa Abruzzi, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, alifika kileleni, mita 5109, akakipa jina la Margherita, malkia wa Italia, na Wabakonzo, wenyeji wa milima hiyo, waliobeba mizigo ya safari hiyo kwenye matope na baridi hamwoni jina la hata mmoja wao kwa ramani. Mimi nikiwa kijana nilikuwa nafikiria sana hiyo kitu nikiwa na kilo za watu mgongoni.

Yule dada nilikaa naye nje wakati nyinyi mnacheka. Alinielezea mimea ya lobelia aliyoiona huko juu, mirefu kumpita yeye, na ukungu ulivyofunguka ghafla akaona Bugisu yote chini, macho yanang'aa, halafu akasikia vicheko vyenu akanyamaza. Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia.

Kwa hiyo nawaomba, mkija tena anayetembea polepole awe mbele, wengine mfuate mwendo wake. Kambini msiulizane nani kafika saa ngapi. Mtu akisema kichwa kinauma mwaminini, na mmoja wenu ashuke naye, hata kama ni yule alikuwa anatamani kilele sana.

Na huyo dada mpigieni simu mumwombe msamaha, si mmoja, nyote. Desemba mvua zikipungua aje, mwambieni mzee atamsindikiza mpaka chini ya ngazi za Mudangi, hapo ndipo magoti yangu yanafika siku hizi, kutoka pale mtembee naye nyinyi.