Bulabo itangazwe mapema

Mhariri,

Naendesha teksi hapa Mwanza na mara nyingi hupeleka wageni Bujora, makumbusho ya Wasukuma kule Kisesa, kuangalia ngoma. Nasikia watu wakisema Mzungu kwenye ngoma anafuata picha tu. Wapo, sikatai. Lakini wengi humsumbua mwongozaji kwa maswali: dawa ya nyoka ya Bayeye, wale wanaocheza na nyoka, inafanya kazi? Nani hutunga nyimbo?

Kinachowanasa hasa ni ushindani. Siku ya Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma la mwezi Juni, vikundi viwili hasimu, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja uwanja uleule, na kinachovuta watazamaji wengi ndicho mshindi. Ubishi huo ulianza kwa waanzilishi wao, Ngika na Gumha, na bado watu wanaurithi. Mgeni akielewa hilo, haondoki. Nami nasubiri garini hadi jioni (silalamiki, malipo ni ya kutwa).

Ngoma ya dakika kumi hotelini, wageni wakiwa wanakula, haina mshindi wala watazamaji wa kugombania. Ndiyo maana wanapiga picha na kurudi kwenye sato wao.

Naomba wahusika watoe ratiba ya Bulabo miezi kadhaa kabla. Wateja wangu huniuliza tarehe Januari, nami sina jibu.

Dereva teksi,
Mwanza