Hayo ni meno ya katapila, si tetemeko

Ndugu Mhariri,

Kwa miaka mingi nimelisoma gazeti lako nikinyamaza, hata pale lilipouweka Mlima Rungwe mkoani Iringa. Lakini ile habari ya jabali lililokwaruzwa, iliyodai kwamba alama zake ni za tetemeko kubwa la Rukwa la Desemba 1910 na kwamba zinatabiri jingine, imenishinda kuimeza.

Mahali palipopigwa picha napafahamu, hivyo nilikwenda. Nilimkuta mwendesha katapila akila mihogo kivulini, naye bila kuombwa mara mbili akanionyesha meno ya kijiko chake: yalilingana na ile mifereji yenu iliyoachana kwa nafasi sawasawa, ambayo bado ilikuwa na unga mweupe usioguswa na mvua. Mikwaruzo ya mpasuko, yaani ule ufa ambao miamba huteleza juu yake wakati wa tetemeko, haiko hivyo. Miamba miwili inaposagana, uso wake hung'aa kama uliopigwa msasa, na mistari hubanana, mingine myembamba mno. Ukipitisha kiganja, kikienda upande mmoja huteleza na kikirudi hukwama kwenye vingazi vidogo. Mara nyingi kule kunakoteleza ndiko lilikoelekea jabali ambalo sasa halipo. Mistari hiyo husema mwelekeo. Mwaka haisemi, na kesho haiijui.

Na kama mwandishi wenu alitaka habari kubwa, ilikuwapo. Baada ya tetemeko la Kaikōura, New Zealand, la Novemba 2016, lenye ukubwa wa 7.8, mistari iliyopinda ilikutwa kwenye mpasuko wa Kekerengu. Watafiti Jesse Kearse na Yoshihiro Kaneko walieleza kwamba karibu na uso wa nchi, ncha ya mpasuko unaoendelea kuchanika inapowasili, ardhi huchepuka kwanza kisha hunyooka, na upande wa mpindo huonyesha mpasuko ulikimbia kutoka wapi kwenda wapi. Machi 2025 kamera ya ulinzi nchini Myanmar ilinasa ardhi ikifanya hivyo hivyo, mita 2.5 kwa sekunde 1.3 hivi. Hayo si mapambo ya wasomi, maana mtikisiko huwa mkali zaidi kule mpasuko unakoelekea, na anayejua matetemeko ya kale yalikimbilia wapi anaweza kukisia ni mji upi utakaoumia zaidi.

Hapa kwetu mistari ya Milima ya Livingstone imewagombanisha wanajiolojia: Bonde la Ufa hapa linapanuka kwenda mashariki na magharibi, au linateleza kuelekea kaskazini-magharibi? Ushahidi wa ugomvi huo uko kwenye nyuso za miamba, nasi tunaziponda kokoto bila hata kuzipiga picha. Hilo halijawahi kupata ukurasa kwenu.

Naomba basi mwandishi wenu anunuliwe dira, kipimapembe cha shule, na apewe sarafu ya kuweka kando ya jabali ili tujue mistari ina unene gani. Akikuta tena mifereji yenye nafasi sawa, amtaje mwendesha katapila kwenye maelezo ya picha, kama mtu aliyelishuhudia tetemeko.

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Mbeya