ORS ya lita moja msiikoroge kwenye glasi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, kuna jambo limenikaa rohoni tangu wiki iliyopita. Mtoto wa jirani yangu, hata miaka miwili hajafika, alianza kuharisha usiku, mama yake akakimbilia duka la dawa akauziwa pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga na maji kwa anayeharisha, na hakuna aliyemwelekeza inakorogwaje, akarudi akamimina pakiti nzima kwenye glasi moja ya maji na kijiko cha sukari juu yake ili mtoto akubali kunywa. Mtoto akazidi kuharisha. Kunakucha macho yameingia ndani, analia machozi hayatoki, wakamkimbiza hospitali akatundikiwa dripu. Sasa hivi ni mzima, alhamdulillah.

Yule mama simlaumu hata kidogo. Alidhani dawa ikiwa nzito ndio inafanya kazi zaidi, na wengi tunadhani hivo hivo.

Jamani tuangalie kachumbari. Ukiitia chumvi mapema ukaiacha, baada ya muda unakuta bakuli limejaa maji, hayo maji yametoka ndani ya seli za nyanya na vitunguu. Utando wa seli unapitisha maji, na maji siku zote yanakimbilia kule kwenye chumvi au sukari nyingi zaidi, shuleni tuliita osmosisi. Sasa ORS ya glasi moja ikifika kwenye utumbo wa mtoto inakuwa nzito kuliko damu yake, kwa hiyo maji badala ya kuingia mwilini yanatoka mwilini kwenda kwenye utumbo na anazidi kuhara. Soda na juisi zenye sukari nyingi ni hivo hivo, msimpe mtoto anayeharisha.

Ikikorogwa sawasawa ndio utaona maajabu yake. Kwenye seli za utumbo mwembamba kuna mlango ambao chumvi na sukari wanaingia pamoja, sodiamu (ya kwenye chumvi) mbili na glukosi (ndio sukari) moja, na mmoja akikosekana huo mlango haufanyi kazi. Wakishaingia maji yanawafuata. Kipindupindu nacho sumu yake inafungulia milango mingine, ile ya kloridi (nayo imo kwenye chumvi), inabaki wazi na maji yanamwagika nje bila kusimama ndio maana mtu mzima anaweza kukauka na kufa ndani ya masaa, ila huu mlango wa chumvi na sukari sumu haiuzimi! Mgonjwa anaharisha huku anakunywa na bado maji yanaingia. Maji matupu hayatoshi, hayana cha kuyavuta.

Mwaka 1971 wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa Bangaon kule India, kipindupindu kikaingia na dripu zikawa hazitoshi, daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha maji yenye chumvi na glukosi, wagonjwa wakinyweshwa na ndugu zao wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Na bado baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, WHO na UNICEF wakaipunguza ORS ukali, yaani wingi wa chumvi na sukari ndani ya maji, kutoka 311 hadi 245 kwa vipimo vyao, maana ile ya zamani nayo ilionekana nzito. Wataalamu wanaipunguza, sisi majumbani tunaiongeza sukari.

Ombi langu kwa wauza dawa, msimpe mtu pakiti bila kumwambia ni ya maji kiasi gani. Nyingi ni za lita moja, yaani chupa mbili za maji za nusu lita, lakini someni pakiti maana zipo ndogo pia. Msiongeze kitu. Mpeni mtoto kidogo kidogo kwa kijiko, akitapika subirini dakika kumi muanze tena, kunyonya aendelee, na ikipita siku moja yaliyobaki mwageni mkoroge mengine. Kama pakiti hamna kabisa, maji safi lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha sio vya mlima.

Na nyie gazetini mkiweza, wekeni hicho kipimo kwa maandishi makubwa kila mvua zinapoanza, tukate tubandike jikoni.

Mama wa watoto watatu,
Mbagala, Dar es Salaam